Mama Mkwe, Nakuomba Kikopo cha Pili

Kwako Mama Akinyi, mama mkwe wangu niliyekuheshimu kwa mbali,

Zikufikie salamu zangu, na za binti yako, na za wajukuu wako ambao hawaishi kuuliza ni lini utakuja tena kukaa nyuma ya nyumba yetu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu, hata baada ya miaka yote hii ya kuwa na mwanao, bado kinakuchekesha hadi unajifunika mdomo kwa leso. Mkurya ni Mkurya tu, ulisema. Akinyi atakusomea, na asipopata nafasi ya kuja, jirani yako Mama Ouma atakusomea, maana yeye hashindwi na kitu.

Barua hii nimeiacha wazi, yeyote aisome. Ugonjwa wako si siri tena. Majirani walishautangaza kabla yangu, tena waliutangaza vibaya. Kuna watu wa kanisani kwenu wanaohitaji kusikia habari sahihi kutoka kwa mtu aliyeiona kwa macho yake.

Jambo lenyewe nalisema mapema nisije nikachoka kabla ya kulifikia. Nahitaji makohozi yako mara moja tena. Kikopo kimoja tu, Mama. Bila hicho daktari hawezi kukuanzishia dawa ya ugonjwa ulio nao kweli, na bila dawa hiyo najua mwisho wake ni upi, kwa sababu nimewaona wengine wakiufikia. Wewe umesema hapana. Umemwambia Akinyi hapana, ukasema hapana kwa simu, na sasa unasema hapana kwa kunyamaza.

Nimechoka, Mama. Sikufichi. Asubuhi nikifungua dirisha la maabara hapa Migori nakuta watu wameshajaa kwenye benchi. Kila mmoja ana kikopo chake, mwingine amekiviringisha kwa gazeti, mwingine amekificha ndani ya mfuko wa unga ili wenzake wadhani amebeba kiamshakinywa. Nafungua vifuniko, na nusu yao wameniletea mate.

"Mzee, haya ni mate. Mimi nataka kile kitu cha kifuani."

"Si yote inatoka kwa mdomo, daktari?"

Namweleza kwamba mimi si daktari, kisha namweleza tena yale mengine. Sukutua mdomo. Vuta pumzi hadi chini, ishike, iachilie, vuta tena, halafu kohoa kutoka tumboni. Naye anaenda kule nyuma penye upepo, ambako tumetenga mahali pa kukoholea, na mimi nabaki nikimsikiliza anavyohangaika na kifua chake. Maneno haya nimeyasema kwa Kiswahili, kwa Kikurya na kwa hicho Kijaluo changu, mpaka mjukuu wako mdogo anamwambia mdoli wake akohoe kutoka tumboni. Nikirudi nyumbani sitaki kusema na mtu. Naketi tu.

Unakumbuka uliponiuliza kuhusu kazi hii? Akinyi alikuwa amejifungua kifungua mimba wetu, nawe ukaja kutoka Kendu Bay na kuku wawili na kapu la samaki wakavu. Ulikataa kata kata kulala chini ya paa langu. Mama hawezi kulala nyumba moja na mume wa binti yake, ulisema, na hakuna mtoto mchanga anayebadilisha hilo. Ukatafutiwa kitanda kwa yule mjane wa Kinubi, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Asubuhi nikishaenda kazini, unaingia, unamwogesha mtoto, unampikia Akinyi uji. Jioni nilipiga honi ya pikipiki nikiwa bado mbali, nikupe nafasi ya kuzunguka nyuma ya nyumba. Mimi sebuleni, wewe nje upande wa jikoni, ukuta katikati. Hivyo ndivyo tulivyozungumza, na nathubutu kusema kwamba tulizungumza kuliko wakwe wengi wanaokaa meza moja.

"Ora," uliniita kupitia dirisha, kwa hilo neno lenu la mkwe, "ni ukweli hiyo kazi yako ni kuangalia mate ya watu?"

"Makohozi, Mama."

"Na jioni unakula ugali?"

"Nanawa mikono kwanza."

"Yawa!" ukasema. Kisha nikakusikia unacheka polepole, ukijaribu kujizuia, na Akinyi naye kitandani akacheka hadi akalalamika kwamba unamuumiza.

Miaka yote hii sijawahi kukuona ukila. Sijawahi kukuangalia usoni kwa muda mrefu kuliko wa kusalimiana, na hata hapo wewe uliangalia miguu yangu na mimi nikaangalia leso yako. Sikulaumu. Hata kwetu Kehancha mambo ni hayo hayo, tofauti ni lugha tu. Mama yangu mzazi akimwona mume wa dada yangu njiani anaingia shambani kwa watu, mahindi yawepo yasiwepo. Lakini wewe, Mama, ni Msabato wa kweli kweli, hugusi samaki aina ya kamongo, hugusi chai ya majani, na ulituambia kila mara kwamba mila za kale ni giza. Nikakuuliza kupitia ukuta, na hii ya ukwe je? Ukajibu kwamba hiyo si mila, hiyo ni adabu.

Halafu kikohozi kikaja.

Mwanzoni ulisema ni moshi. Umekausha samaki kwa kuni tangu ukiwa msichana, na moshi huo ndio uliomsomesha Akinyi, kwa hiyo hukuona sababu ya kuulalamikia. Ulipoanza kutokwa na jasho usiku na sketi za kanisani zikaanza kukupwaya, Akinyi akakuambia nenda ukapimwe pale Kendu Bay au Homa Bay. Ukakataa. Karani wa pale ni wa kwaya yenu, nesi wa kule alisoma na mdogo wako, na kufika jioni mji mzima ungekuwa unajua. Ukachagua Migori, ambako hakuna anayekujua ila mimi. Na hapo ndipo shida yetu yote ilipozaliwa.

Nakuona bado ulivyokuja siku ile, umeshikana mkono na Mama Ouma. Mliketi mwisho wa benchi. Uliponiona dirishani uligeuza kichwa ukaangalia barabara, na hukukigeuza tena. Mama Ouma ndiye aliyekuja kuchukua kikopo. Mkaenda nyuma wote wawili. Nikasikia mtu anakohoa vizuri, kwa bidii, na baada ya muda Mama Ouma akarudi na kikopo kilichojaa kama nilivyokuwa nikiwaomba watu kila siku. Nilifurahi hata nikamsifu. Nikasema, laiti wagonjwa wote wangekohoa kama Mama Akinyi.

Nikapima. Mashine yetu ya kupimia TB haikupata kitu. Nikampigia Akinyi simu nikamwambia mama yake hana TB, apewe dawa za kifua za kawaida, arudi nyumbani apumzike. Akashukuru Mungu kwa sauti hadi wateja wake dukani wakamuuliza kuna nini.

Nawe ukaendelea kukonda.

Ukweli tuliupata kwa Mama Ouma mwenyewe, naye hakujua kwamba anautoa. Alipita kwetu akitoka soko la Awendo, akamletea Akinyi samaki, akaketi akanywa uji. Halafu akauliza, hana hili wala lile, "Na yangu ilikuwaje? Hamkuniambia."

"Yako gani, Mama Ouma?" Akinyi akamuuliza.

"Si ile nilikohoa. Mama yako alisema kitu ya kifua yake haiwezi kufunguliwa na ora yake. Aangalie ndani? Ni aibu, ni kama kumvulia nguo. Sasa mimi nikamsaidia. Mimi si mkwe wa mtu huko. Nilikuwa na homa kidogo, ikatoka mzuri sana."

Akinyi aliniambia kwamba aliketi chini sakafuni akacheka, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, na Mama Ouma akabaki akimpapasa mgongo bila kujua amekosea wapi. Mimi aliponipigia simu nilitoka nje ya maabara nikasimama kwenye jua. Nilikuwa nimempima mwanamke mzima, nikampa mgonjwa jibu lake. Nilikasirika, Mama, acha niseme ukweli. Nilikasirika mpaka nikachoka kukasirika. Halafu nikamfikiria mama yangu kule Kehancha. Asingempa mume wa dada yangu kikopo cha namna hiyo hata kwa kutishiwa panga. Angemtafuta Mama Ouma wake. Tangu siku hiyo, kila mgonjwa akiniletea kikopo namuuliza, ni yako mwenyewe? Wenzangu wananicheka. Hawajui.

Mara ya pili tulifanya kwa akili. Nekesa, mwenzangu wa maabara, ametoka Bungoma. Hana undugu na mtu yeyote huku, na wewe si mama mkwe wake. Siku uliyokuja nilijipa safari ya kwenda kununua betri za saa, nikazunguka mjini hadi aliponitumia ujumbe kwamba umeondoka. Mashine wakati huo ilikuwa imelala, katriji zake za kuwekea makohozi zilikuwa zimeisha na hakuna aliyejua mpya zitafika lini, kwa hiyo Nekesa alitumia hadubini, ile njia ya zamani. Makohozi yanapakwa kwenye kioo, yanakauka, yanamwagiwa rangi nyekundu na kupashwa moto, kisha yanaoshwa kwa asidi. Kila kitu kinapoteza wekundu, isipokuwa vijidudu vya aina ya TB. Hivyo ni vibishi. Mwisho tunaweka rangi ya buluu ili vionekane.

Niliporudi Nekesa akainuka kwenye kiti. "Njoo uone," akasema. "Sitaki kuandika jibu kabla hujaona."

Nilisimama pale, Mama, nikifikiria leso yako ilivyogeukia barabara. Kisha nikaketi nikaangalia. Kulikuwa na buluu kila mahali, na ndani yake vijiti vyekundu, vingi, vimelaliana. Nilijua kwamba hakuna mkwe aliyewahi kumwona mama mkwe wake kwa karibu namna hiyo. Niliinuka nikanawa uso.

Vijiti vyekundu maana yake ni TB. Hivyo ndivyo tunavyofundishwa, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Ukaanzishiwa dawa ukazimeza. Hukukosa hata siku moja, Akinyi ananiapia. Mkojo ulipobadilika rangi ukadhani unakufa, hadi tulipokuambia ni dawa tu. Na watu wakajua. Sijui nani aliwaambia, labda dawa zenyewe zilisema. Kikombe chako kikatengwa kwenye mikutano ya kina mama. Jumamosi kanisani ukaketi kwenye benchi lako la siku zote, la tatu kutoka mbele, na walioketi hapo wakakumbuka wana shughuli upande wa pili. Hukumwambia Akinyi. Aliona kwa macho yake alipokuja kukutembelea, benchi refu na wewe peke yako katikati, unaimba. Alikuja akaketi karibu nawe akaimba pia, ingawa tangu aolewe amekuwa Mkatoliki na nyimbo zenu amezisahau nusu.

Dawa zikaelekea kuisha, kikohozi hakijaisha.

Katriji ziliporudi, Nekesa alichukua makohozi yako tena. Mashine ikasema si TB. Hadubini ikasema vijiti vyekundu bado vipo. Tukaangaliana. Tukayapeleka Nairobi kwenye maabara kubwa, ambako wanavilisha vijidudu hadi vikue, na kazi hiyo haina haraka. Ni wiki nyingi za kungoja. Jibu liliporudi nililisoma nikiwa nimesimama. Mama, hukuwa na TB. Inaelekea hukuwahi kuwa nayo.

Acha nikueleze kama nilivyomweleza Akinyi. TB ina ndugu. Ni wengi, na ukiwapaka rangi wanafanana naye, wote wabishi, wote wekundu. Lakini hawa ndugu hawaishi kwa watu. Wanaishi kwenye udongo na kwenye maji, kwenye mifereji na matangi. Sisi sote tunawavuta na hawatufanyi kitu. Ila kifua kikishachoka, kwa mfano kifua kilichokaa juu ya moshi wa samaki maisha mazima, wanaingia wanajenga. Dawa za TB zinaweza kuwapita tu. Wana dawa zao, na zinachukua muda mrefu zaidi, mwaka na zaidi.

Sasa sikieni nyinyi wa benchi la tatu. Ugonjwa huu hauruki kutoka kwa Mama Akinyi kwenda kwenu. Mnaweza kunywa kikombe chake. Mnaweza kumshika mkono, kuketi naye, kumkumbatia. Na hata ingekuwa TB, mtu aliyeanza dawa zinazomfaa baada ya muda mfupi haambukizi mtu, na kumtenga hakumponyi yeye wala hakuwakingi nyinyi. Mimi nafungua vikopo hivyo kila siku, nami ninaketi na watu. Rudini mkaketi.

Turudi kwako. Kwa nini kikopo cha pili cha kwenda Nairobi? Kwa sababu hawa ndugu wanaishi majini, na wewe kabla ya kukohoa ulisukutua mdomo kwa maji ya bomba, kama tulivyokuambia. Daktari hawezi kukupa dawa nzito za mwaka mzima kabla hajajua kama walitoka kifuani mwako au walitoka kwenye bomba. Wakikua kule Nairobi mara ya pili, walewale, basi ni wako. Hiyo ndiyo kanuni, nami sikuitunga.

Akinyi alikuja kukueleza yote haya. Akarudi na jibu lako, akanipa neno kwa neno, akiwa bado amevaa viatu.

"Mwambie ora yangu amepima ya kutosha. Jina ya kwanza mlinipa, nikabeba. Watu wakahama. Sasa mnasema haikuwa yangu. Mnataka kunipa ingine? Mimi nimechoka. Hata Mungu akichoka alipumzika."

Una haki, Mama. Tulikupa jina lisilo lako na wewe ukalibeba hadharani, na tulipokuja kulichukua hatukuwa na cha kukurudishia. Sina njia ya kukurudishia yale majumamosi. Nikisema uchovu wangu ni sawa na wako nitakuwa mwongo. Mimi nimechoka kuangalia, wewe umechoka kuangaliwa. Nimejaribu kukaa kimya nikuache upumzike unavyotaka, na wiki kadhaa nimeweza.

Ila jana Akinyi alirudi kutoka kwako. Alikuwa anachambua dagaa wa omena mezani, na mimi nilikuwa naye jikoni namenya vitunguu. Akasema, kwa sauti ile anayotumia kuniambia kwamba gesi imeisha, kwamba umemtembeza nyuma ya boma. Umemwonyesha mahali, kando ya kaburi la Mzee, baba yake. Umeshalipia nyasi zikafyekwa, na umesema kaburi lisiwekwe vigae maana vinateleza watoto wakicheza. Akaendelea kuchambua. Hakulia. Mama, mimi namjua huyu mwanamke, akivunja sahani tu analia. Nilisubiri alie, hakulia. Alikuwa ameshaanza kuzoea.

Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza.

Mzee mmoja wa kwenu alinieleza zamani mkwe anafanya nini siku ya mazishi. Nitakuja na watu wangu kutoka Kehancha, na ng'ombe wetu. Tutaketi kwenye hema letu pembeni, sisi wakwe, tuletewe chakula pale pale. Wengine watapanga foleni wakuage, na mimi sitapanga. Mkwe haangalii uso wa mama mkwe wake aliyelala. Nitakuwa nimekujua miaka hii yote kupitia ukuta, na siku ya mwisho ukuta utakuwa bado upo. Nitaheshimu, usiwe na wasiwasi. Nitaketi pale nilipoambiwa niketi. Lakini Mama, mila hiyo inanitosha siku hiyo moja. Usinifanye niitimize mwaka huu, kwa kikopo kimoja.

Kwa hiyo nakuomba, na hii si sauti ya maabara, ni ya mume wa mwanao. Hukohoi ili upewe jina. Jina tutalificha hata chini ya godoro ukitaka. Unakohoa ili Akinyi arudie kulia kwa sababu ya sahani.

Homa Bay ni karibu, na wangeweza kupokea makohozi yako, lakini najua utasema watakujua. Basi njoo huku. Mama Ouma akusindikize, akushike mkono, ila mwambie safari hii asikohoe. Mjane wa Kinubi ameniambia kitanda kipo, na hajawahi kumlaza mtu mwingine aliyemfurahisha kwa hadithi kama wewe. Asubuhi usile kwanza. Usukutue kwa maji ambayo Nekesa atakupa, yaliyotayarishwa kwa ajili hiyo, siyo ya bomba. Yeye ndiye atakayekupokea, yeye ndiye atakayefunga kifuniko, na makohozi yatakwenda Nairobi yakiwa na namba tu juu yake. Nimemwambia safari hii asiniite kuangalia, hata akiona nini.

Mimi dirishani sitakuwepo. Nitatoka nje kabisa, nisimame upande wa pili wa ukuta wa hospitali, pale wanapouza miwa, mpaka umalize. Hakuna atakayehitaji kunipigia simu kwamba umefika. Uso wako, Mama, nikikutana nao sokoni ninaweza kuupita. Kikohozi chako nakijua. Nikikisikia, nitaegemea ukuta ule nishushe pumzi.

Oriti, Mama, kama mnavyoagana kwenu.

Ni mimi, ora yako Mkurya,
mume wa Akinyi.